Kabla ya kukanyaga pedali

*Safari ndefu ya baiskeli ya kuwachangia wenye shida inataka miezi ya mazoezi, baiskeli ya kuaminika na hati za mpakani. Nshamba, mji mdogo wa Muleba mkoani Kagera, Tanzania, uliopokea misaada kwa miaka mingi, unaonyesha kwamba inataka pia daftari la hesabu lililo wazi.*

Barabara ya kutoka Nshamba kwenda nje ya nchi ina pande mbili. Anayeelekea Uganda huiacha migomba ya vilima vya Muleba, hushika lami kwenda Bukoba kando ya Ziwa Victoria, hupita Kyaka na Bunazi, na kufika Mutukula. Anayeelekea Rwanda huelekeza usukani kusini, Biharamulo, kisha Ngara hadi Rusumo.

Bukoba hadi Mutukula ni kilomita 80 hivi. Bukoba hadi Kampala ni takribani kilomita 300. Kwa gari ni safari ya siku moja. Kwa baiskeli yenye mzigo, kuanzia Nshamba, ni siku nne za jua, malori na milima.

Siku hizo nne ndizo zinazoonekana. Nyuma yake kuna miezi minne ya mazoezi, mikutano na fundi baiskeli, foleni ya pasipoti na sindano ya homa ya manjano. Nyuma yake zaidi kuna swali ambalo kila mchangiaji analo hata asipolisema: kati ya shilingi anazotoa, ngapi zitamfikia bibi anayelea wajukuu Nshamba, na ngapi zitaliwa na safari yenyewe?

Kwa nini Nshamba

Mkoa wa Kagera ndio ulioripoti wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini. Walikuwa watatu, mwaka 1983, na historia yao inatajwa pamoja na Hospitali ya Ndolage iliyopo wilayani Muleba. Utafiti wa mwaka 1987 ulikuta maambukizi ya VVU ya asilimia 24.2 miongoni mwa watu wazima wa Bukoba mjini, na asilimia 10 katika Bukoba vijijini na Muleba.

Bukoba mjini kiwango kilishuka hadi asilimia 18.3 mwaka 1993, kisha 13.3 mwaka 1996. Takwimu zilishuka, lakini makaburi katikati ya migomba yalikuwa yamekwisha kuongezeka. Kizazi cha baba na mama kilipungua, na bibi waliokuwa wakitarajia kutunzwa wakajikuta wanaanza kulea upya.

Mwaka 1997 ulianzishwa Nshamba mradi wa Humuliza, kwa msaada wa terre des hommes ya Uswisi, kuwapa yatima msaada wa kisaikolojia na kijamii. Humo kilizaliwa kikundi cha watoto na vijana wenyewe, Vijana Simama Imara. Mwaka 2003 ukafuata mradi wa Kwa Wazee. Jina la Mswisi Kurt Madörin limeandikwa katika historia ya miradi yote miwili.

Kwa Wazee ulianza na jambo lisilohitaji maelezo marefu: pensheni ya shilingi 6,000 kwa mwezi kwa mzee, na nyongeza ya shilingi 3,000 kwa kila mtoto anayemlea. Fedha zilitolewa taslimu. Mzee hakuelekezwa cha kununua.

Tathmini ya mradi huo, iliyochapishwa mwaka 2008, ilibeba katika jina lake vitu vitatu: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Huko ndiko pensheni ilikokuwa ikienda. Kiasi kidogo kilichofika kila mwezi bila kukosa kiliibadilisha nyumba kuliko mzigo mkubwa wa mara moja, kwa kuwa mzee aliweza kukopa, kupanga na kulipa.

> Kiasi kidogo kinachofika kila mwezi bila kukosa huibadilisha nyumba kuliko mzigo mkubwa wa mara moja.

Mahali pa namna hiyo pana kipimo chake cha msafara wa hisani. Hapahesabiwi kilomita. Huhesabiwa miezi ya pensheni.

Miguu iliyochangisha mabilioni

Kuendesha baiskeli kwa ajili ya wengine kulipata umaarufu katika miongo mitano iliyopita. Nchini Uingereza, safari ya London hadi Brighton, maili 54 au kilomita 87 hivi, imekuwa ikichangia utafiti wa magonjwa ya moyo tangu mwaka 1980. Mwaka huohuo, huko Massachusetts, Marekani, Billy Starr alianzisha Pan-Mass Challenge kusaidia hospitali ya saratani ya Dana-Farber. Safari hiyo imekwisha kuchangisha zaidi ya dola bilioni 1.

Afrika ina safari zake. Mwaka 2003 Tour d'Afrique iliondoka Cairo kwa mara ya kwanza na kufika Cape Town baada ya takribani miezi minne na kilomita 12,000 hivi, Tanzania ikiwa njiani. Waandaaji walianzisha pia mfuko wa kugawa baiskeli kwa wahudumu wa jamii katika nchi wanazopita.

Tanzania kwenyewe, tangu mwaka 2002 Kili Challenge, inayoandaliwa na Mgodi wa Dhahabu wa Geita kwa kushirikiana na Tume ya Kudhibiti UKIMWI, huwachukua wapanda mlima na waendesha baiskeli wanaouzunguka Kilimanjaro kuchangia mapambano dhidi ya VVU. Mwaka 2019 ulianza msafara wa Twende Butiama, wa kutoka Dar es Salaam hadi alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere, zaidi ya kilomita 1,000, ukipanda miti na kukabidhi madawati njiani.

Septemba 2025 Kigali ilikuwa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Vilima vilivyowatoa jasho mabingwa hao ni jirani wa vilima vya Ngara na Muleba. Kijana wa Kagera hahitaji kwenda Ulaya kuuona mchezo huu.

Tuma fedha, au endesha baiskeli?

Ubishi kuhusu misafara hii ni wa zamani, nao una hoja nzito pande zote mbili.

Upande wa kwanza unauliza kwa nini mtu atumie fedha nyingi kwenda kuchangisha fedha. Uchukuliwe mfano wa mwendesha baiskeli anayekusanya shilingi milioni 6, na safari yake ikagharimu milioni 4 kwa nauli, chakula, malazi, vipuri na gari la kusindikiza. Zinazobaki ni milioni 2.

Kwa kiwango cha kwanza cha Kwa Wazee, yaani shilingi 72,000 kwa mwaka, milioni 2 zingewalipa wazee 27 kwa mwaka mzima. Milioni 6 zote zingewalipa 83. Tofauti ni wazee 56, na ndiyo inayowauma wapinzani wa misafara.

> Milioni 2 zingewalipa wazee 27 kwa mwaka. Milioni 6 zingewalipa 83.

Upande wa pili hujibu kwamba hesabu hiyo inadhani milioni 6 zipo mahali zinasubiri. Hazipo. Jirani wa mwendesha baiskeli, mwajiri wake na mwanafunzi mwenzake hutoa kwa sababu wamemwona mtu wanayemfahamu akitoka jasho. Bila safari, wengi wao wasingetoa hata shilingi. Tena anayepita kijiji kwa kijiji hubaki na uhusiano na watu, na mchangiaji wa mara moja anaweza kuwa wa kila mwaka.

Mfano unaofundisha pande zote mbili ulitokea Marekani. Mwaka 1994 ilianza safari ya California ya kuchangia waathirika wa UKIMWI, ikiendeshwa na kampuni ya Dan Pallotta. Ilikusanya mamilioni ya dola, lakini lawama juu ya gharama zake ziliongezeka. Mwaka 2002 taasisi zilizonufaika za San Francisco na Los Angeles zikaanzisha safari yao, AIDS/LifeCycle, ya siku saba na maili 545, kilomita 877 hivi. Kampuni ya Pallotta ikafunga milango mwaka huohuo.

Safari mpya ilidumu zaidi ya miaka ishirini na kuchangisha zaidi ya dola milioni 300. Hata hivyo, nayo iliendeshwa kwa mara ya mwisho Juni 2025, baada ya gharama kupanda na idadi ya washiriki kupungua. Nia njema na umaarufu havikuiokoa pale hesabu zilipokataa.

Kagera ina sababu yake ya kuwa na tahadhari. Baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lililoua watu na kubomoa maelfu ya nyumba, michango ilitoka kila pembe. Haukupita mwezi, viongozi wawili wa serikali mkoani wakaondolewa madarakani kwa tuhuma za kufungua akaunti ya benki yenye jina linalofanana na ile rasmi ya maafa. Tangu hapo, anayepita na bahasha ya michango mkoani humo anapaswa kutarajia maswali, na maswali hayo ni halali.

Hesabu hutangulia

Kutokana na hayo, maandalizi ya msafara wa hisani huanzia mezani. Jambo la kwanza ni kutenganisha mifuko miwili: wa safari na wa msaada. Washiriki hujigharimia wenyewe au hutafuta mfadhili wa gharama, na kila mchango wa umma huingia katika mfuko wa msaada bila kuguswa. Pasipowezekana, mchangiaji huambiwa kabla ya kutoa ni sehemu gani itakayokwenda kwenye gharama.

La pili ni akaunti. Isiwe ya mtu binafsi, na iwe na watia saini zaidi ya mmoja. Taarifa ya makusanyo ibandikwe mahali panapoonekana, kwa kuwa mchango wa simu humwacha mtoaji na ujumbe mfupi tu wa kumkumbusha.

La tatu ni sheria. Asasi inayopokea fedha iwe imesajiliwa. Kanuni za asasi zisizo za kiserikali za mwaka 2018 zilitaka fedha zinazozidi shilingi milioni 20 ziwekwe wazi kwa umma na kwa mamlaka. Asasi iliyosajiliwa inalijua hilo. Kundi la marafiki lililoanza kwa mzaha kijiweni huenda halijui, na ni heri likapitishia fedha zake kwa asasi hiyo kuliko kujifanya asasi.

La nne ni makubaliano na wanaosaidiwa. Wazee waulizwe wanachohitaji kabla ya bango kuchapishwa. Msafara ulioahidi mablanketi mahali panapohitaji karo za shule umekwisha kupotea njia kabla ya kuondoka.

Mutukula au Rusumo

Njia ya Mutukula ndiyo rahisi kwa msafara wa kwanza. Ni lami, ina miji ya kulala karibu karibu, na baada ya kuvuka Mto Kagera kwenye Daraja la Kyaka, lile lililolipuliwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, ardhi ya Missenyi hutulia. Malori ya miwa hupita huko, na dereva wa lori lililojaa hana nafasi ya kumkwepa anayeyumba.

Mutukula kuna kituo cha pamoja cha mpakani, hivyo taratibu za kutoka na kuingia hufanyika mahali pamoja. Uganda magari hupita upande wa kushoto kama Tanzania. Baada ya Kyotera na Masaka, mstari wa ikweta hukatwa Kayabwe. Kati ya Masaka na Kampala magari huwa mengi na ya kasi, na ajali za barabara hiyo si habari ngeni. Mei 2023 mafuriko yaliharibu daraja la Mto Katonga na kuifunga njia hiyo. Kwa hiyo hali ya barabara huulizwa wiki ya safari, si mwezi mmoja kabla.

Njia ya Rusumo ni ngumu zaidi. Misitu ya upande wa Biharamulo kwa miaka mingi ilijulikana kwa ujambazi, hata mabasi yakasindikizwa na askari wenye silaha. Leo sehemu kubwa ya pori hilo ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019. Msafara hupaswa kuwaarifu polisi wa kila wilaya, na usiendeshe usiku.

Ukishavuka Rusumo, magari hupita kulia. Mwendesha baiskeli aliyezoea kushoto maisha yake yote hukosea kwenye mzunguko wa kwanza au anapogeuka kutoka dukani, akili ikiwa imelala. Saa nayo hurudi nyuma kwa saa moja, na giza huingia mapema kwa saa ya huko. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu iachwe nyumbani: Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2019.

Msimu huamua mengine. Bukoba ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi zaidi nchini, karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya kusafiri, ingawa vumbi la barabara za changarawe huwa ni adhabu nyingine.

Mwili: wiki kumi na sita

Kijana anayesukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kupanda mlima kwenda sokoni ana nguvu ambazo wengi wa mjini hawana. Hilo halimtoshi. Kukaa kwenye kiti saa sita, siku nne mfululizo, ni kazi tofauti na kusukuma saa moja kisha kupumzika. Matako, viganja, shingo na magoti huchoka kabla ya mapaja.

Wiki kumi na sita zinatosha kwa mtu mwenye afya. Wiki za kwanza ni safari za kilomita 20 hadi 30, mara tatu kwa wiki, kwa mwendo unaoruhusu kuongea. Ushauri uliozoeleka ni kutoongeza zaidi ya asilimia 10 ya kilomita kwa wiki, na kila wiki ya nne kupunguza ili mwili ujijenge.

Kuanzia wiki ya nane, Jumamosi huwa siku ya safari ndefu. Ifikapo wiki ya kumi na mbili, safari hiyo ifike kilomita 80, na Jumapili iwe na nyingine ya 50. Mwili hujifunza kuamka umechoka na kuendelea, na hilo halifundishiki kwa siku moja ndefu. Wiki mbili za mwisho mazoezi hupungua.

> Mwili hujifunza kuamka umechoka na kuendelea. Hilo halifundishiki kwa siku moja ndefu.

Wilaya ya Muleba ni uwanja mzuri wa mazoezi. Ziwa Victoria lipo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Kamachumu na Nshamba vimepanda juu yake. Kushuka ziwani asubuhi na kupanda nyumbani jioni hufundisha gia, pumzi na breki. Mlimani miguu izunguke haraka kwa gia nyepesi. Anayekandamiza gia nzito ili aonekane shujaa hulipia kwa magoti yake siku ya tatu.

Mwenye presha, kisukari au maumivu ya kifua amwone daktari kabla ya wiki ya kwanza. Kwa wakazi wa Nshamba, Hospitali ya Rubya ipo karibu.

Ndizi, maji na chumvi

Chakula cha safari Kagera kipo shambani. Ndizi mbivu ya wastani ina gramu 25 hivi za wanga, na mwendesha baiskeli anahitaji gramu 30 hadi 60 kwa saa baada ya saa ya kwanza. Ndizi mbili kwa saa, zikisaidiwa na viazi vitamu vilivyochemshwa au karanga wakati wa mapumziko, zinakidhi. Jioni, ndizi za kupika na maharage hurudisha kilichotumika.

Maji ni nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa, kutegemea jua. Yanywewe kidogo kidogo kabla ya kiu. Anayetoka jasho jingi na kunywa maji matupu hupoteza chumvi. Mchanganyiko unaojulikana zahanati zote, wa lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, unafaa na ni wa bei ya chini kuliko vinywaji vya chupa vyenye picha za wanariadha.

Baiskeli: fundi wa kijijini ndiye mwamuzi

Baiskeli ya mizigo iliyozoeleka Kagera, aina ya Phoenix, ni imara na kila fundi anaijua. Ina uzito wa kilo 20 na zaidi, haina gia za kubadili, na breki zake za vyuma hudhoofika rimu zikilowa. Kwa mteremko mrefu wa mvua, hiyo ni hatari.

Baiskeli nyepesi ya mbio iliyoletwa kutoka Ulaya ina upungufu wa aina nyingine. Tairi zake nyembamba hukatwa na changarawe, na tyubu zake hazipatikani Bunazi. Kuna mtego hapo: tairi ya inchi 28 ya baiskeli ya mizigo huvaa rimu ya milimita 635, na ya baiskeli nyingi za kisasa ni milimita 622. Kwa macho zinafanana, lakini moja haiwezi kuvaa rimu ya nyingine.

Chaguo la kati ni baiskeli ya milimani yenye magurudumu ya inchi 26, fremu ya chuma na gia za kawaida. Vipuri vyake hupatikana, na fremu ya chuma ikivunjika huchomelewa na fundi wa mageti. Kwa misaada ya baiskeli zenyewe, shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, lilitengeneza aina ya Buffalo yenye karia ya kubeba kilo 100, kwa kufuata mantiki hiyohiyo: iwe ya kutengenezeka kijijini.

Mfuko wa vifaa uwe na tyubu mbili, viraka na solusheni, pampu inayoingia kwenye vali za baiskeli husika, spana, spoku za akiba, kipande cha mnyororo na mafuta. Kila mshiriki aweze kuziba pancha mwenyewe kabla ya wiki ya kumi. Helmeti, taa ya nyuma na koti linaloakisi mwanga si mapambo. Namba ya fremu iandikwe na risiti ihifadhiwe, kwa sababu mtu wa forodha ana haki ya kuuliza baiskeli mpya imetoka wapi.

Hati, chanjo na matangazo ya afya

Uganda, Rwanda na Kenya zilikubaliana kuruhusu raia wao kuvuka kwa vitambulisho vya taifa kuanzia mwaka 2014. Tanzania haikuingia katika mpango huo. Mtanzania huhitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, na maombi yaanze miezi miwili kabla.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika siku kumi baada ya sindano, na tangu mwaka 2016 hudumu maisha yote. Anayechanjwa siku moja kabla ya kuondoka hana cheti halali mpakani.

Malaria haisahauliki Muleba. Wilaya hii ilishuhudia milipuko mikubwa ya ugonjwa huo. Pia ndiko kulikofanyika majaribio yaliyothibitisha ubora wa vyandarua vyenye kemikali ya ziada ya PBO, na Shirika la Afya Duniani likavipendekeza mwaka 2017. Mgeni anayekuja kwa baiskeli aanze dawa ya kinga kama alivyoelekezwa na daktari, na kila mmoja, mwenyeji kwa mgeni, alale ndani ya chandarua.

Kagera ilipata mlipuko wa Marburg Machi 2023, uliotangazwa kumalizika Juni mwaka huo, na mwingine Biharamulo Januari 2025, uliomalizika Machi. Mlipuko ukitangazwa, msafara huahirishwa. Hakuna mchango unaostahili kubeba ugonjwa kijiji hadi kijiji.

Bima ya afya ya nyumbani isidhaniwe kwamba inavuka mpaka. Washiriki wakate bima ya safari, na jina la mtu wa kupigiwa simu liandikwe kwenye karatasi ndani ya mfuko wa kila mmoja.

Wanaoendesha kuja Nshamba

Safari ya upande wa pili, ya mgeni anayekuja kutoka ng'ambo, hufuata kanuni zilezile. Uwanja wa kimataifa unaofikika kwa urahisi ni Entebbe, kisha barabara ya Masaka na Mutukula. Anayetua Mwanza anaweza kuvuka ziwa kwa meli ya MV Victoria, iliyorudi kazini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa, na kupakia baiskeli yake kama mzigo.

Jambo la ziada kwake ni adabu. Yatima si mandhari ya picha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa picha na habari za mtu. Anayetaka kumpiga picha mtoto aombe ruhusa kwa mlezi, aeleze picha itatumikaje, na akubali kukataliwa. Apite kwanza ofisi ya kata, asalimie, ndipo aende kwa wazee.

Peremende na madaftari yanayogawiwa kando ya barabara yaachwe. Huwafundisha watoto kukimbilia baiskeli kati ya malori. Kinachofaa kipitie asasi inayomjua mtoto kwa jina na darasa lake.

Maswali ya mchangiaji

Misafara ya hisani haitakoma, na haina sababu ya kukoma. Huleta fedha ambazo zisingekuja, na huwakutanisha watu ambao wasingekutana. Hoja ya wapinzani kuhusu gharama inabaki na uzito wake, na jibu lake ni uwazi.

Yeyote anayeombwa mchango, awe Nshamba, Dar es Salaam au ng'ambo, aulize mambo matatu kabla ya kutoa. Gharama za waendesha baiskeli zinalipwa na nani? Fedha zinaingia akaunti gani, na nani wanatia saini? Hesabu zitasomwa lini mbele ya wazee wa Nshamba wenyewe?

Msafara wenye majibu ya maswali hayo uchangiwe. Usio nayo urudi mezani, hata kama baiskeli zimekwisha kupakwa mafuta.